Vazi na pigano ni jambo moja: namna ya kuyafanya mapigano yaaminike katika katuni za fantasia

Wino Mzito (mleta mada)

Wadau wa kuchora na kuandika hadithi za picha, nawasalimu nyote. Naleta mada ambayo haijaniondoka kichwani tangu nilipomaliza sura ya tatu ya hadithi yangu ya fantasia, sura ambayo karibu yote ni pigano la watu wawili juu ya daraja jembamba. Nilichora kurasa kumi na moja nikiamini kwamba sijapata kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, kisha nikampa rafiki yangu azisome kabla ya wengine. Alifika ukurasa wa pili akasita, akaniuliza: "Huyu upanga wake ameuchomoaje?" Nilikuwa nimemfunga shujaa upanga mrefu mgongoni, mpini ukichungulia juu ya bega la kulia. Katika kisanduku kimoja cha picha upanga ulikuwa ndani ya ala, na katika kilichofuata ulikuwa mkononi, umenyooshwa mbele.

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nililitafuta kwa mwili wangu mwenyewe. Nilichukua mti wa ufagio, nikaukata ukabaki na sentimita 90, nikautumbukiza ndani ya bomba la karatasi ngumu, nikalifunga bomba mgongoni kwa mikanda miwili, nikaanza kuuvuta kwa mkono wa kulia. Mkono ulipanda hadi kiwiko kikanyooka kabisa na bega likagusa sikio, na bado karibu robo ya mti ilikuwa imebaki ndani ya bomba. Nilijaribu kuinama, nikajaribu kulivuta bomba chini kwa mkono wa kushoto, nikajaribu kujipinda kiunoni, na kila jaribio liliniacha kwapa na kifua vikiwa wazi kwa muda ambao adui yeyote mwenye akili asingeuachia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa langu halikuwa la kisanduku kimoja. Vazi nililibuni siku moja na pigano nikalibuni siku nyingine, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Hoja yangu, basi, ni kwamba vazi ndilo linaloamua pigano. Kila mkanda, kila tabaka la nguo na kila bamba la chuma humpa mvaaji jambo na kumnyima jambo jingine, na pigano linaloaminika ni lile ambalo msomaji anaona mvaaji akitumia alichopewa na akihangaika kwa alichonyimwa. Msomaji wetu huenda hajawahi kushika upanga, lakini amewahi kuvaa koti linalombana makwapa, amewahi kukimbia huku begi likimpigapiga kiunoni, na amewahi kupanda ngazi akiwa amechoka. Mwili wake unajua, hata kama yeye hawezi kueleza kwa nini ukurasa fulani umemkataa.

Nianze na uzito, maana ndipo wengi wetu tunapokosea. Upanga wa vita wa mkono mmoja katika Ulaya ya zama za kati kwa kawaida ulikuwa na kilo moja na ushei, na hata panga kubwa za mikono miwili zilizopelekwa vitani kweli nyingi zilikuwa kati ya kilo 2 na 3. Silaha hizo zilikuwa nyepesi, zenye mizani nzuri, zinazogeuka haraka. Kwa hiyo mchoraji anayetaka upanga wa kawaida asimchore mtu akiuburuta, na yule anayetaka upanga wa kufikirika, mpana kama mlango, anayo haki hiyo kamili, ila ajue kwamba amejiwekea deni ambalo atalilipa katika kila kisanduku. Mtu anayezungusha kitu kizito hutangulia kugeuka nyonga, kisha mabega, na mikono hufuata mwishoni. Mwili wake huegemea upande ulio kinyume na kitu chenyewe ili asianguke. Na pigo likikosa, silaha haisimami hewani kwa adabu, bali inaendelea na safari yake, inamvuta mwenyewe hatua moja au mbili, inachimba ubao wa daraja. Ukichora hatua hizo mbili za kuvutwa, msomaji ataupima upanga kwa macho bila kuambiwa kilo zake.

Nakaribisha michango, hasa ya wenye ujuzi wa nguo na wenye ujuzi wa silaha, kwa sababu ninayoyajua mimi yanaishia hapo.

Sindano na Uzi

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuligusa hili. Mimi ni mshonaji kwa kazi na mchoraji kwa mapenzi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiona katika katuni nguo ambazo, zikishonwa zilivyochorwa, mvaaji asingeweza hata kufunga nywele zake.

Jambo la kwanza ninaloliangalia katika vazi la mpiganaji ni kikwapa. Ukishona koti lenye tundu la mkono lililoshuka chini sana, kisha mvaaji akainua mkono juu ya kichwa, mkono hauinuki peke yake, kwani koti lote linapanda naye upande huo, pindo linanyanyuka hadi juu ya nyonga, mshipi unachomoka mahali pake na kola inamsukuma shavu. Ukitaka mkono upande bila kulivuta koti, tundu likae juu, karibu na kwapa lenyewe, na chini yake kitiwe kipande cha nguo cha umbo la almasi cha kupanua. Mchoraji hahitaji kuonyesha kipande hicho, ila anatakiwa aamue ni koti la namna gani kisha alifuate. Shujaa aliyevaa koti rasmi la kifalme akavamiwa ghafla mezani hawezi kupiga pigo la kutoka juu kama askari aliyejiandaa. Apige kutoka pembeni, au mshono wa bega upasuke katika kisanduku cha tatu na ubaki umepasuka hadi mwisho wa sura. Mpasuko huo mmoja utasema mengi kuliko mistari kumi ya mwendokasi.

La pili ni mikunjo. Wachoraji wengi huitawanya mikunjo kama mapambo, ilhali kila mkunjo una mahali unapoanzia. Nguo huning'inia kutoka begani, hukaza kwenye kiwiko na goti lililokunjwa, na husongamana pale inapozuiwa na mshipi. Jiulize ni wapi nguo imeshikwa na ni wapi imeachiwa, kisha uvute mistari kutoka pale iliposhikwa. Aina ya kitambaa nayo haina budi kuonekana. Sufu nzito huanguka kwa mikunjo michache, mipana, yenye migongo ya mviringo, na huchelewa kumfuata mvaaji anapogeuka. Kitani huvunjika kwa pembe kali. Hariri nyepesi hushika upepo mdogo kabisa na huendelea kuelea baada ya mwili kutulia. Joho la sufu lililolowa mvua halipepei, na mhusika aliyetoka mtoni kisha joho lake likapepea nyuma yake kama bendera ametuambia kwamba maji yale hayakuwa maji.

Nazungumzia pia deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, hasa ile ya pete inayofumwa kwa maelfu ya vipete vya chuma. Deraya ya namna hiyo yenye mikono mirefu huweza kufika kilo 10 au kuzidi, na uzito wote hulala mabegani. Ndiyo maana mvaaji hufunga mshipi imara kiunoni na kuivuta deraya kidogo juu ya mshipi, ili sehemu ya mzigo ihamie nyongani. Tazameni kwa karibu namna inavyoonekana: juu ya mshipi pete hufanya uvimbe laini, kama mfuko wa nafaka uliofungwa katikati, na chini ya mshipi huanguka wima bila mkunjo hata mmoja mkali. Mchoraji anayeuweka uvimbe huo mdogo hana haja ya kuchora kila pete, kwani uzito umeshasomeka. Na chini ya deraya lazima pawe na vazi nene la kitambaa lililotiwa matabaka mengi na kushonwa kwa mistari, kwa sababu pete huzuia makali lakini hazizuii kishindo.

Kuna kosa moja lililozoeleka mno ambalo ningependa tuliache: lile koti la ngozi lililojaa vichwa vya misumari ya mapambo, ambalo eti ni deraya nyepesi. Katika makoti ya kale yaliyochorwa au kuchongwa hivyo, vichwa vile vilikuwa vya ribiti, yaani pini za chuma zilizogongwa ncha, zinazoshikilia mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa ndani. Misumari bila mabamba haikingi chochote. Ukitaka sura ile ibaki, ibaki, lakini vazi lichorwe likiwa na ugumu wa chuma kinachojificha ndani, lisijikunje tumboni kama shati.

Penseli Laini

Naomba kuuliza, wakubwa zangu, kwa kuwa bado ninajifunza. Mhusika wangu mkuu ni mwanamke, mkuu wa kikosi cha mpakani. Kila picha ya mfano ninayoipata inaonyesha bamba la kifua lililofuata umbo la matiti, na nimeshalichora hivyo katika kurasa za mwanzo. Je, nibadilishe?

Sindano na Uzi

Badilisha, binti yangu, na usione uchungu wa kurasa chache. Bamba la kifua huundwa kwa kubenuka kuelekea nje ili ncha ya mkuki ikiligusa iteleze pembeni na kumpita mvaaji. Ukilipiga umbo la matiti mawili unatengeneza bonde katikati, na kila pigo linalotua juu ya mteremko wowote kati ya ile miwili huongozwa kuingia bondeni, moja kwa moja juu ya kidari. Isitoshe, chini ya bamba kuna vazi nene ambalo limeshausawazisha mwili. Bamba la kawaida lililobenuka humtosha mwanamke bila tatizo. Mtofautishe mhusika wako kwa namna anavyosimama, anavyofunga nywele kabla ya kuvaa kofia, urefu wa shingo, rangi ya joho na alama ya kikosi chake.

Hatua Mbili

Nimefuatilia uzi huu kwa furaha. Nimejifunza upanga wa kale kwa miaka kadhaa katika kikundi kinachofuata miongozo iliyoachwa na walimu wa wakati ule, kwa hiyo nitachangia upande wa pigano lenyewe.

Kwanza kabisa, masafa. Watu wawili wenye panga wanaojua wanachofanya husimama mbali kuliko katuni nyingi zinavyoonyesha, kiasi kwamba hakuna awezaye kumfikia mwenzake bila kupiga hatua. Muda mrefu hupita wakiviziana ukingoni mwa umbali huo, kisha mmoja anaingia, na ndani ya muda mfupi kuliko pumzi moja jambo limekwisha au wameachana tena. Ndiyo maana nawaomba wachoraji mtuonyeshe miguu. Ukurasa wa pigano usio na nyayo hata moja hauna umbali ndani yake, na pasipo umbali hakuna hatari.

Pili, mahali panapopigwa. Katika katuni kila mtu hulenga shingo au kifua, ilhali kinachofikika kwanza ni kile kilicho karibu: mkono unaoshika silaha, kigasha, na mguu wa mbele. Mwaka 1361 lilipiganwa pigano nje ya kuta za mji wa Visby, katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, na waliouawa wakazikwa katika makaburi ya pamoja, wengine wakiwa bado na deraya zao. Mifupa ilipofukuliwa karne kadhaa baadaye, majeraha mengi ya makali yalikutwa kwenye miguu, chini ya magoti, mahali ambapo ngao haifiki. Shujaa mwenye ngao nzuri na kifua cha chuma lakini miundi mitupu anatakiwa aogope jambo hilo, na adui wake anatakiwa alione.

Tatu, upanga haukati deraya ya mabamba. Nimechoka kuona chuma kikipasuliwa kama karatasi, kwa sababu kinapopasuka hivyo msomaji anajiuliza kwa nini mtu alijisumbua kukivaa. Walimu wa karne ya 15, kama Hans Talhoffer ambaye michoro yake ya mwaka 1467 imehifadhiwa, wanaonyesha wapiganaji wa deraya wakiushika upanga katikati ya chuma chake kwa mkono wa kushoto na kuugeuza kuwa kama mkuki mfupi, wakitafuta upenyo kwapani, kwenye tundu za macho na kwenye viungo. Wengine huugeuza kabisa wakapiga kwa mpini na kikingio chake kama nyundo. Mwishowe huishia kukumbatiana, kukwatuana miguu na kutoana jambia wakiwa chini. Hii ni zawadi kwa mchoraji! Nyuso mbili zilizokaribiana, pumzi inayotoka kwenye tundu za kofia, kidole kinachotafuta bizimu ya kofia ya mwenzake, yote hayo ni makali kuliko cheche za panga zinazogongana.

Nne, uchovu. Deraya kamili ya mabamba ya kuvaliwa vitani ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, nayo ilitawanywa mwili mzima, hivyo si kweli kwamba mvaaji alikuwa kama gogo. Habari za shujaa Mfaransa Jean Le Maingre, aliyejulikana kama Boucicaut na kufariki mwaka 1421, zinasimulia kwamba aliweza kupinduka kichwa chini miguu juu akiwa amevaa deraya yote isipokuwa kofia. Hata hivyo mwendo huo una gharama. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, waliotoa matokeo yao mwaka 2011, waliwapima watu waliovaa deraya za kuigwa wakitembea na kukimbia kwenye mashine, wakakuta kwamba kutembea kulidai nguvu takriban mara 2.3 ya kawaida na kukimbia mara 1.9, kwa sababu chuma cha miguuni huinuliwa katika kila hatua na kifua hakipati nafasi ya kupumua kwa kina. Kwa hiyo mhusika wako anaweza kuruka katika ukurasa wa kwanza, lakini katika ukurasa wa sita mdomo uwe wazi, mabega yapande kwa kila pumzi, na ncha ya upanga ianze kushuka.

Niongeze neno moja kuhusu wapiga upinde. Pinde zilizopatikana ndani ya meli ya vita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zinakadiriwa kuhitaji nguvu ya kuanzia kilo 45 hivi hadi kupita kilo 70 kuzivuta. Hakuna mtu anayesimama na upinde wa namna hiyo umevutwa huku akihojiana na adui kwa visanduku vinne. Mshale ukae kwenye upote, mkono ukiwa umelegea, na kuvuta na kuachia viwe tendo moja.

Mwandishi wa Usiku

Naheshimu ujuzi ulioletwa hapa, lakini naomba kutofautiana na wenzangu kidogo. Mimi huandika hati za hadithi ambazo wengine huzichora, na hofu yangu ni kwamba tukifuata yote haya tutapata kurasa sahihi zisizo na mtu ndani. Msomaji hafungui hadithi ya fantasia ili ajifunze mabamba ya chuma. Anataka kujua kama dada atamuua kaka yake. Kofia ya chuma ni sahihi, sikatai, lakini inanifichia uso wa mhusika katika dakika ambayo nauhitaji kuliko dakika nyingine yoyote. Pigano fupi kuliko pumzi moja pia ni sahihi, lakini nina kurasa nane za kujaza na mambo mawili ambayo hawa ndugu hawajawahi kuambiana.

Wino Mzito (mleta mada)

Pingamizi hili ni zito, na nimelitafakari kwa siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu mwandishi ana haki katika sehemu kubwa ya anayosema.

Nakubali kwamba pigano lisilo na swali ndani yake ni mazoezi ya viungo tu. Lakini naona kwamba vikwazo vya vazi ndivyo vinavyompa mwandishi mahali pa kulipachika swali hilo. Tuichukue kofia. Wapiganaji wa kweli nao walikuwa na shida hiyohiyo ya kutotambulikana, wakaitatua kwa alama za ukoo juu ya nguo na ngao, kwa manyoya na sanamu juu ya kofia, na kule Japani kwa vibendera vilivyofungwa mgongoni. Hayo yote ni mali ya mchoraji. Msomaji atamtambua kaka kwa unyoya mweupe, na unyoya ukikatwa nusu, kila mtu atajua ni nani aliyenusurika bila kuuona uso. Kisha dada anapoamua kuifungua kofia yake mwenyewe katikati ya pigano, akijua kwamba sasa anaweza kuuawa kwa pigo moja, tendo hilo limekuwa kubwa kuliko maneno ambayo angeyasema, na limewezekana kwa sababu tu tuliheshimu kofia tangu mwanzo. Angekuwa ametembea kichwa wazi tangu ukurasa wa kwanza, asingekuwa na cha kuvua.

Kuhusu urefu, Ndugu Hatua Mbili ametueleza kwamba muda mwingi ni wa kuviziana. Basi kurasa zako nane ni za kuviziana! Panga zikutane mara tatu tu, kila mara kwa kisanduku kimoja au viwili, na nafasi inayobaki iwe ya mguu unaosogea, jicho linaloangalia bega la mwenzake, na jambo la zamani linalosemwa kwa sauti ya chini ili kumvuruga. Hapo ndipo mambo yako mawili yatakapotamkwa, ilhali katikati ya mapigo mazungumzo marefu hayaaminiki hata kidogo.

Nieleze pia ninachokijua kuhusu kuupanga ukurasa, maana hili halijaguswa. Kabla ya kuchora pigano sasa huchora ramani ya mahali kutoka juu, kama ndege anavyopaona, nikaweka nukta mbili na kuzisogeza kisanduku baada ya kisanduku. Huamua nani yuko kushoto na nani yuko kulia, na simbadilishi mpaka wabadilishane kweli na msomaji awaone wakipishana. Kosa la kuruka upande mwingine bila taarifa humfanya msomaji adhani kwamba aliyepigwa ndiye aliyepiga.

Katika pigo lenyewe, sichori tena dakika ya kugusana isipokuwa kwa nadra. Huchora mwili uliojikunja kabla ya kuachia nguvu, kisha nikachora matokeo: mguu ulioteleza, ngao iliyokwenda pembeni, uso uliogeuka. Kinachotokea kati ya visanduku hivyo viwili msomaji hukikamilisha mwenyewe, na hukikamilisha kwa nguvu zaidi ya penseli yangu. Ninapokionyesha chote hupungua.

Na jeraha likishachorwa, libaki. Nimeweka karatasi ukutani ambayo nimemchora kila mhusika kwa mbele, nyuma na pembeni, na juu yake huandika kwa kalamu nyekundu ni ukurasa gani mkono wa shati ulipasuka, bizimu ipi ilikatika, na damu imefika wapi. Karatasi hiyo imenifundisha pia kupunguza mapambo. Vazi nililolibuni mwanzo lilikuwa na vifungo 22 kifuani. Lilipendeza katika picha ya jalada, lakini kufikia ukurasa wa thelathini nilikuwa nachora vifungo 17 katika kisanduku kimoja, na 24 katika kingine. Sasa vazi lina mikanda mitatu tu, na kila mmoja una kazi yake.

Mwandishi wa Usiku

Nimeridhika kwa hilo la kuvua kofia, na nitaliandika. Nina swali moja tu lililobaki, kuhusu uchawi na viumbe wenye mabawa, kwa sababu huko hakuna mwalimu wa karne ya 15 wa kutusaidia.

Sindano na Uzi

Kwa mabawa naweza kusema kidogo. Nguo ya kiumbe mwenye mabawa haiwezi kuvaliwa kwa kupitishwa kichwani. Lazima ifunguke mgongoni chini ya mabawa au ifungwe mabegani kwa vishikizo, na mvaaji atahitaji mtu wa kumfunga au kamba ndefu za kuvuta mwenyewe kwa mbele. Amua moja, kisha uonyeshe mara moja tu, asubuhi anapovaa, nasi tutakuamini katika sura zote zilizobaki. Mabawa pia hayaendi pamoja na joho.

Hatua Mbili

Uchawi nao naupendekezea kanuni ileile ya silaha: uwe na masafa, uwe na muda wa kujiandaa, na uhitaji sehemu ya mwili. Mchawi anayehitaji vidole vyake vyote kumi ana sababu ya kutovaa glavu za chuma, na adui yake ana sababu ya kulenga mikono.

Penseli Laini

Nimelibadilisha bamba la kifua, mama. Nimempa pia kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, na sasa huvaa kinga ya chuma mguu huo peke yake. Namuuliza mleta mada: lile pigano la darajani ulilifanyaje mwishowe?

Wino Mzito (mleta mada)

Nimelichora upya lote, na limekuwa kurasa tisa. Upanga haukai tena mgongoni. Shujaa anaingia darajani akiubeba begani ukiwa ndani ya ala, kama mtu anavyobeba jembe, na anapomwona mpinzani wake anaushusha, anaushika mpini kwa mkono mmoja na ala kwa mkono wa pili, anavitenganisha kwa kuinyoosha mikono pande mbili. Kitendo hicho kinachukua visanduku vitatu, na katika cha tatu mpinzani ameshapiga hatua mbili mbele, kwa hiyo shujaa analizuia pigo la kwanza la shoka la mpinzani kwa ala, wala si kwa upanga. Ala inapasuka na kuanguka mtoni. Joho ameliviringisha kwenye mkono wa kushoto kuwa kinga, jambo ambalo mwalimu Mwitalia Achille Marozzo alilifundisha katika mwongozo wake wa mwaka 1536, na kufikia ukurasa wa saba joho hilo lina mipasuko minne ambayo nimeihesabu na kuiandika kwenye karatasi yangu ya ukutani.

Sura ya nne ilikuwa ianze na karamu, lakini sasa inaanza na shujaa ameketi kando ya njia, anakata pindo la joho lililochanika, anauzungushia upanga mtupu vipande vile, na kuufunga kwa mkanda mmoja kati ya ile mitatu. Mikanda miwili iliyobaki haitoshi kulishika koti vizuri, na upande wa kulia umelegea.